Tabia Mbaya

Ujumbe ulikuwa na maneno saba tu: "Kuna sajini amenifanyia tabia mbaya. Usimwambie mama."

Uliingia kwenye inboksi yangu ya Facebook mwezi wa Julai 2014, saa saba usiku, nikiwa hosteli nikisomea mtihani wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Dadangu, aliyenizidi miaka minane, alikuwa kwenye kambi ya jeshi Marekani, na huko jua lilikuwa bado halijatua. Nikausoma mara mbili. Kisha nikamjibu: "Pole sis. Jeshi ndio hivyo. Jikaze."

Akanitumia kile kidole gumba cha buluu. Basi. Nikarudi kusoma.

Dada ameniruhusu kuandika haya kwa masharti mawili: nisitaje kambi, na nisieleze alichofanyiwa. Anasema ameshakieleza mara za kutosha, kwa watu asiowajua, na kila mara ilibidi aanze mwanzo. Kwa hivyo hapa sitasimulia usiku ule. Nitasimulia makaratasi yaliyofuata, na vile mimi, mwenye kujifanya najua lugha, nilivyoyaharibu.

*

Aliondoka nyumbani 2009 kwenda kusomea uuguzi. Mama aliuza ploti ya Kamulu ili ada ya mwaka wa kwanza ipatikane, na ya mwaka wa pili haikupatikana vizuri. Alisukuma maisha huko kwa kuosha wazee usiku na kusinzia darasani mchana, hadi akasikia kwamba jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuandikisha wageni wasio na green card, mradi wawe wanaishi huko kihalali na wawe na ujuzi wa udaktari au lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha hiyo. Ukiingia ulikuwa unapewa uraia haraka, bila ile foleni ya miaka.

Mama aliwatangazia wenzake kanisani kwamba Marekani imemwajiri binti yake kwa sababu ya Kiswahili. Tulicheka hadi tukalia. Dada alipata D+ ya Kiswahili KCSE. Lakini kuongea aliongea, na hicho ndicho walichotaka. Akavaa kombati 2013.

Uraia huo ulikuwa na kamba yake. Sheria ya huko inasema aliyeupata kwa njia ya jeshi anaweza kunyang'anywa akifukuzwa kwa njia isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema. Kwa hivyo fikiria. Uko mbali, umeapa juzi, karatasi yako ya uraia bado inanukia wino, na mtu aliyekutenda ndiye anayeandika ripoti ya utendaji wako. Unaenda kushtaki kwa nani? Na akisema wewe ndiye mwenye shida? Dada alihesabu miaka yake kama mfungwa, na mwaka wa 2017 akatoka na cheti chake cha heshima, bila kuripoti chochote kwa yeyote isipokuwa kwangu. Nami nilikuwa nimemwambia ajikaze.

*

Mwaka wa 2020, katikati ya Korona, alinipigia. Nilikuwa nimerudi kwa mama Donholm kwa sababu ya kafyu na kwa sababu kazi yangu ilikuwa imeisha. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba kuazima sufuria, "Kadogo, ile meseji yangu ya 2014, bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Facebook haisahau.

Alikuwa anawasilisha dai la ulemavu. Kwa lugha rahisi: Marekani ina idara nzima ya wanajeshi wastaafu, VA, na ukiumia ukiwa jeshini, mwili au akili, unaweza kuomba ulipwe fidia kila mwezi kulingana na kiasi ambacho jeraha hilo linakuzuia kuishi. Aliyelipuliwa mguu yumo. Aliyepoteza kusikia kwa sababu ya mizinga yumo. Na aliyebakwa au kunyanyaswa kingono akiwa kwenye utumishi naye yumo. Wana jina lao kwa jambo hilo, ambalo mimi nalitafsiri kama kiwewe cha kingono jeshini. Si jambo la wachache. Wahudumu wa afya wa idara hiyo huwauliza wastaafu wanaokuja kutibiwa kama yaliwahi kuwapata, na mwanamke 1 kati ya 3 hujibu ndiyo, mwanamume 1 kati ya 50 pia. Ukikumbuka kwamba jeshi limejaa wanaume, utaona kwamba hao 1 kati ya 50 ni umati mkubwa wa watu walionyamaza.

Matibabu ya jambo hilo ni bure, na huhitaji kuthibitisha chochote ili kuyapata. Dada alikuwa ameshaanza kuonana na mshauri. Fidia ndiyo yenye mlima. Fidia hailipi tukio lenyewe, inalipa ugonjwa uliotokana nalo, mara nyingi ule wa kiwewe kisichoisha unaoitwa PTSD. Na ili kuipata lazima uonyeshe vitu vitatu: una ugonjwa, tukio lilitokea ukiwa jeshini, na kimoja kimezaa kingine.

Hapo kwa pili ndipo watu hukwama. Tangu 2010, mstaafu anayesema ugonjwa wake ulitokana na hofu ya adui, kwa mfano makombora yaliyokuwa yakiangukia kambi yake, neno lake mwenyewe linaweza kutosha kuthibitisha tukio, mradi lilingane na mahali na mazingira aliyotumikia na mtaalamu wa idara athibitishe ugonjwa. Aliyeshambuliwa na mwenzake hakupewa nafuu hiyo. Adui akiwa ng'ambo ya ukuta unaaminiwa. Akiwa kitanda cha pili, leta ushahidi.

Ushahidi wa dada ulikuwa maneno saba kwa Kiswahili.

"Nitafsirie vizuri," akaniambia. "Wewe ndiye wa lugha."

*

Kama umesoma shule ya msingi Kenya, unajua tabia mbaya ni nini. Hakuna aliyekufundisha. Ni yale maneno mwalimu alitamka akiangalia dirishani, na darasa zima likainamia madawati likicheka kwa pua. Fulani na fulani walipatikana nyuma ya choo wakifanya tabia mbaya. Hata mahakamani kwetu, watoto walionajisiwa husimama kizimbani na kusema, "Alinifanyia tabia mbaya," na hakimu huelewa na kuandika. Ni neno letu la kufunikia. Tumelivalisha nguo ili liweze kupita mbele ya wazazi.

Mimi nililijua neno hilo vizuri. Nililijua hata ile saa saba usiku ya 2014, na sitawadanganya kwamba nilidhani sajini alimtukana tu. Nilielewa, nikaogopa, nikatafuta jibu ambalo lingefunga mazungumzo.

Na 2020 nikafanya yale yale tena. Nilikuwa nimeketi kwenye meza ya mama, laptopu mbele yangu, na yeye yuko hatua mbili kwenye kochi akisikiliza waziri akisoma idadi ya wagonjwa wa siku hiyo. Usimwambie mama. Kila nilipoandika lile neno lenyewe la Kiingereza nilihisi kama herufi zake zinang'aa ukutani. Nikafuta. Nikaandika sentensi nyingine, safi, ya ofisini, ambayo ukiirudisha kwa Kiswahili inasema hivi: "Kuna sajini mmoja ambaye mwenendo wake kwangu si mzuri."

Nikaweka sahihi kwamba tafsiri ni sahihi. Nikaongeza taarifa yangu fupi ya kumsifu dada: mchapakazi, mcha Mungu, hapendi uongo. Nikatuma, na nikajisikia nimesaidia.

Barua ya jibu ilikuja Februari 2021. Ilikuwa na kurasa nyingi na neno moja la maana: imekataliwa. Hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba tukio lilitokea. Ujumbe kwa dadake mdogo, ilisema, ulihusu kutoelewana na mkubwa wake kazini.

Dada alinisomea aya hiyo kwa simu, polepole, akiitafsiri anaposoma. Kisha akanyamaza. Nikasikia friji yake ikinguruma huko Marekani. "Kadogo," akasema, "uliandika nini?"

*

Wueh. Kuna aibu ambayo huwezi kuilala. Nililala saa tisa, nikaamka saa kumi na moja nikaanza kusoma.

Nilichokuta kilinishangaza. Kwenye karatasi, sheria yao inajua kabisa kwamba mtu aliyetendewa hivi mara nyingi haripoti. Kanuni iliyopo tangu 2002 inasema kwamba kama rekodi za jeshi hazina kitu, ushahidi unaweza kutoka kwingine: polisi, hospitali, kituo cha waathiriwa, mchungaji, mwenzako wa chumba, familia. Inataja hata kipimo cha mimba au cha magonjwa ya zinaa. Na inasema kitu cha ajabu zaidi: mabadiliko ya tabia ni ushahidi. Kuomba kuhamishwa ghafla. Kazi kuzorota. Kuanza pombe. Hofu na huzuni zisizo na sababu inayoonekana. Mabadiliko ya fedha au ya kuishi na watu ambayo hayaelezeki. Wao huviita alama. Ni kama nyayo kwenye matope: mnyama hukumwona, lakini alipita. Na idara hairuhusiwi kukataa dai la namna hii kabla ya kukufahamisha kwamba vitu kama hivi vinaweza kukusaidia.

Hiyo ni karatasi. Kwenye meza, mambo ni mengine. Agosti 2018 mkaguzi mkuu wa idara hiyo hiyo alitoa ripoti kuhusu madai ya aina hii yaliyokataliwa katika nusu mwaka, Aprili hadi Septemba 2017. Kati ya takriban madai 2,700 yaliyokataliwa, alikadiria kwamba 1,300 hivi hayakushughulikiwa ipasavyo. Karibu nusu. Kuna yaliyokuwa na alama za kutosha kumpeleka mtu kwa mpimaji, na hakupelekwa. Kuna ambayo ushahidi haukutafutwa. Kuna watu ambao hawakupigiwa simu waliyostahili kupigiwa. Kuna yaliyoamuliwa kwa maoni ya kitabibu yanayojipinga yenyewe. Idara ikaahidi mafunzo na wafanyakazi maalum. Mkaguzi akarudi, na ripoti yake ya Agosti 2021 ikasema asilimia 57 ya madai yaliyokataliwa bado hayakuwa yameshughulikiwa sawasawa.

Niliposoma hiyo, shetani wangu alinong'ona: unaona, hata ungetafsiri vizuri wangekataa tu. Labda. Lakini mimi sikuwa nimewapa nafasi ya kukosea. Nilikosea kwa niaba yao.

*

Dada alipata msaidizi, mzee mmoja mstaafu wa jeshi ambaye kazi yake ni kuwajazia wenzake fomu bila malipo. Alituambia tuna mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Tukirudi ndani ya mwaka huo na ushahidi mpya unaohusu kesi, na dai likubalike, malipo yatahesabiwa tangu siku ya dai la kwanza. Tukichelewa, saa inaanza upya.

Akaniuliza swali moja kwenye simu ya watu watatu, na dada akanitafsiria ingawa nilikuwa nimelisikia vizuri. Nadhani alitaka kulisikia kwa lugha yetu. "Kabla ya Julai alikuwa mtu gani, na baada ya Julai akawa mtu gani? Usiniambie unachofikiri. Niambie ulichoona."

Nilichoona.

Desemba 2015 dada alikuja nyumbani kwa wiki tatu. Tulilala chumba kimoja, kama zamani. Usiku wa kwanza alisukuma kabati la nguo hadi likaziba mlango. Nilimuuliza kama amelewa. Akasema Nairobi ina wezi. Alifanya hivyo kila usiku, na asubuhi alilirudisha mapema kabla mama hajaamka, akilibeba pembe moja moja ili lisikwaruze sakafu. Hakuzima taa hata siku moja. Mjomba alipomkumbatia kwa nyuma jikoni, kwa utani, aligeuka na kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi, na jikoni pakanyamaza. Tulisema ni jeshi limemfanya hivyo. Tuliongea juu yake kama watu wanaojivunia mbwa mkali.

Vitu hivyo vyote nilivijua 2020, na sikuandika hata kimoja. Niliandika kwamba anampenda Mungu.

"Na pesa?" mzee akauliza. "Alikuwa anatuma pesa nyumbani?"

Alikuwa anatuma. Na hapo ndipo njia yote ilipopitia mlango ambao dada alikuwa ameufunga tangu mwanzo. Kwa sababu risiti za pesa zilikuwa kwa mama.

*

Mama ana mkebe wa biskuti. Una kila kitu isipokuwa biskuti: vyeti vya kuzaliwa, karatasi ya ploti ya Kamulu iliyouzwa, kadi za kliniki, risiti. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na hajawahi kutupa karatasi yenye muhuri.

Dada alichukua miezi minne kuamua. Akaamua Januari 2022, tukiwa tumebakisha wiki nne. Hakutaka kumwambia kwa simu, na kuja hangeweza. "Mwambie wewe," akasema. "Lakini usimpe maelezo. Na usitumie lile neno la Kiingereza, atadhani nimekufa."

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Nilimsaidia mama kuchambua mchele kwanza, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo hupata njia. Nikasema, "Mama, dada alifanyiwa tabia mbaya huko jeshini. Kitambo. 2014."

Mama aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akaliweka kwenye ukingo wa sinia. Akatoa lingine. Kisha akauliza, "Mwezi wa saba?"

Nikasema ndiyo.

Akanawa mikono, akaingia chumbani, akarudi na mkebe. Risiti zilikuwa zimefungwa kwa mpira, kwa mpangilio wa tarehe. Mwezi baada ya mwezi, dola mia mbili, tangu dada alipoingia jeshini hadi Juni 2014. Halafu hakuna. Julai hakuna, Agosti hakuna, hadi Desemba hakuna. Januari 2015 zinaanza tena, dola hamsini, dola themanini, bila mpangilio.

"Nilidhani amepata mwanamume wa kumla pesa," mama akasema. "Nilimkasirikia. Niliacha kuchukua simu zake za Jumapili, mara tatu hivi, nimtie adabu." Akaweka kifuniko cha mkebe juu ya goti lake. "Andika hiyo pia."

Nilimwambia hiyo si lazima. Akanitazama vile alivyokuwa akitazama watoto wa darasa la nne. "Si umesema wanataka kujua alivyobadilika? Basi waandikie. Na sisi tulivyombadilikia."

Taarifa ya mama ina kurasa mbili. Aliiandika kwa mkono, kwa Kiswahili cha ubaoni, kila sentensi na tarehe yake. Hakuweka kivumishi hata kimoja. Safari hii sikutafsiri mimi. Tulilipa mtafsiri aliyesajiliwa wa mjini, mama wa makamo mwenye miwani, na nikampa pia ule ujumbe wa maneno saba. Aliusoma, akaninong'oneza, "Pole, dear," na akaandika lile neno lenyewe la Kiingereza bila kusita, kisha chini yake akaongeza aya fupi kueleza kwa nini hilo ndilo neno, na kwamba Kenya nzima, kuanzia darasani hadi mahakamani, hulielewa hivyo. Ilimchukua dakika tano. Mimi ilinichukua miaka sita na nikashindwa.

Dada naye alikuwa ameomba faili lake la jeshi. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya Agosti 2014 ya kuomba kuhamishwa kikosi, sababu: "binafsi". Mlikuwa na alama zake za mtihani wa mbio na misuli, zilizoporomoka vuli hiyo. Mlikuwa na ziara za zahanati za maumivu ya kichwa na tumbo ambayo hayakuonekana chanzo chake. Karatasi zote hizo zilikuwa pale tangu mwanzo. Zilihitaji mtu wa kuziweka sambamba na mwezi wa Julai na risiti za mama.

Tukapeleka tukiwa tumebakisha siku tisa.

*

Kuna upimaji, na upimaji huu ndio dada aliuogopa kuliko yote. Unakutanishwa na daktari au mwanasaikolojia usiyemjua, mara nyingi wa kampuni iliyopewa kandarasi, na ni mara hiyo moja tu. Yeye ndiye atakayeandika kama kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba ugonjwa ulitokana na tukio. Mizani ikisimama katikati, sheria inasema shaka iende upande wa mstaafu.

Safari hii aliuliza kama anaweza kuomba mpimaji mwanamke, akaambiwa ndiyo, ni haki yake. Alikuwa hajui. Waulize wengi, hawajui. Ilifanyika kwa video, dada akiwa kwenye kochi lake, mlango umefungwa. Baadaye alinisimulia kitu kimoja tu. Mpimaji alianza kwa kusema, "Nimesoma faili lako lote, na barua ya mama yako. Huhitaji kunithibitishia kwamba wewe ni mtu mwema. Nieleze siku yako ya kawaida ikoje." Na dada, aliyekuwa amejiandaa kusimulia ule usiku kama shairi la kukariri, akajikuta anaongea kuhusu supamaketi: vile huenda saa kumi alfajiri ili asisimame kwenye foleni mtu akiwa nyuma yake.

Mwaka wa 2023 jibu likaja. Asilimia sabini.

Mizani yao ya magonjwa ya akili ina ngazi: sufuri, kumi, thelathini, hamsini, sabini, mia. Sabini maana yake, kwa maneno yao, ni kwamba una mapungufu katika sehemu nyingi za maisha: kazi, familia, fikra, hisia. Kwa mtu asiye na wategemezi mwaka huo ilikuwa dola 1,663 na senti kidogo kwa mwezi, zikahesabiwa nyuma hadi dai la kwanza. Dada aliacha zamu za usiku. Alilipa deni la gari.

Lakini alinipigia usiku ule akiwa na swali. "Sabini ya nini, kadogo? Ile thelathini iliyobaki ndiyo mimi?"

Sikuwa na jibu, na safari hii sikumwambia ajikaze. Tulikaa kwenye simu kimya hadi bando langu likaisha.

*

Nikiulizwa ningerekebisha nini kwenye upimaji huu, nitataja mambo madogo, kwa sababu dadangu karibu azame kwenye mambo madogo. Neno la aliyeshambuliwa na mwenzake lipewe uzito ule ule wa aliyetishwa na kombora. Faili lisomwe kabla mtu hajaulizwa chochote, na anayelisoma awe ameyazoea madai haya, si aliyeshushiwa kati ya goti bovu na sikio bovu. Mtu aambiwe haki zake kwa lugha ya binadamu: kwamba anaweza kuchagua jinsia ya mpimaji, kwamba risiti ni ushahidi, kwamba kabati mlangoni ni ushahidi. Na jeshi lililoandikisha watu kwa ajili ya lugha zao likumbuke kwamba watu hao watalia kwa lugha hizo hizo. Huwezi kutaka Kiswahili changu siku ya kuapa, halafu siku ya kuumia kikawa karatasi isiyosomeka.

Na sisi je? Sisi tulio upande huu wa simu, na P3 zetu za polisi, na tabia mbaya zetu? Nimeacha kutumia neno hilo. Wapwa zangu nawafundisha majina ya mwili na majina ya vitendo, na mama yao mmoja ananiona sina adabu. Sawa.

Dada anakuja Desemba hii, mara ya kwanza tangu mama ajue. Wiki iliyopita nilipita Donholm nikamkuta fundi kwenye mlango wa chumba chetu cha zamani, drili mkononi, vumbi la mbao kila mahali. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika komeo jipya bado likiwa kwenye karatasi yake.

"Upande wa ndani," alikuwa anamwambia. "Weka upande wa ndani. Lile kabati ni zito, atajiumiza mgongo."